Kiti cha Mtani

Asubuhi ya kuwasha kinu cha nyuklia cha Ndengo kwa nguvu zote, Gaudensia Gama alisubiri kutukanwa, na matusi hayakuja.

Alikuwa amesimama mbele ya ukuta wa namba katika chumba cha kuongozea, mikono nyuma, miwani imemshuka hadi nchani mwa pua. Nje, kwenye uwanja unaotazama Ziwa Nyasa, waziri alikuwa ameshaketi, maaskofu na masheikh wameshaketi, na ngoma ya lizombe ilikuwa imeanza bila kuruhusiwa na mtu, maana Wangoni wakishafunga njuga miguuni hawangoji ratiba. Vipaza sauti vilikuwa vikirusha kila neno la chumbani mle hadi uwanjani, ili wananchi wasikie kinu chao kikizaliwa.

Ndani walikuwa watu watatu tu. Gaudensia mwenyewe, mkuu wa zamu. Sigfrida Nchimbi, mkono wake juu ya vitufe vya pampu. Na nyuma yao, kwenye kiti chekundu kilichoinuliwa kidogo kuliko vingine, mhandisi Longino Kikoti, Mhehe wa Kalenga, mtani wa zamu. Wa nne hakuwa mtu. Alikuwa Msimamizi, mashine iliyosoma vipimo vyote vya kinu na kuvitangaza kwa sauti laini ya mtangazaji wa redio.

"Nguvu asilimia ishirini," alisema Msimamizi. "Hali shwari."

"Naamuru tupande hadi thelathini," alisema Gaudensia. Kisha akangoja.

Sheria ya Ndengo ilikuwa hivi: mkuu akitoa amri, hakuna kidole kinachogusa kitufe mpaka mtani aidhihaki. Aicheke, aigeuze nje ndani, aulize swali la kuudhi kuliko yote. Mkuu asipoweza kujibu kwa ushahidi ambao kila aliyemo chumbani anauona, amri imekufa. Cheo hakijibu. Hasira haijibu.

"Mtani?" aliuliza Gaudensia.

Kikoti alikohoa. "Sina neno," alisema. "Nanyi Wangoni mmeamka mapema leo, hongereni."

Sigfrida alitabasamu kwa adabu. Gaudensia hakutabasamu. Huo ulikuwa utani wa kwenye kadi ya mwaliko, na Longino Kikoti anayemjua yeye hakuwahi kumpongeza Mngoni kwa jambo lolote chini ya jua.

*

Kiti kile chekundu kilikuwa wazo la Gaudensia, na alilipigania mpaka akapachikwa jina la kichaa.

Miaka ya nyuma, kwenye kinu kidogo cha majaribio kule bara, profesa mmoja aliyependwa na wote alitazama mabomba akasema chumvi iliyoyeyushwa ndani yake ingali ya moto, endeleeni. Wahandisi sita waliona kwa macho yao kwamba inaganda. Hakuna aliyefungua kinywa. Hakufa mtu, Mungu ashukuriwe, lakini kazi ya miaka iligeuka jiwe ndani ya mabomba. Tume ilipowauliza, wote sita walijibu kwa maneno yanayofanana: ningemkosoaje Profesa?

Gaudensia alikuwa katibu wa tume ile. Wenzake waliandika kwamba wafanyakazi wapewe semina ya kujiamini. Yeye alikumbuka matanga ya babu yake kule Peramiho, ambako Mhehe mmoja alivaa kofia ya marehemu, akaiga kuchechemea kwake, akamwambia bibi mjane kwamba mzee amekufa ili apumzike na upishi wake. Na bibi, aliyekuwa hajala siku mbili, akacheka na kuomba uji. Wangoni na Wahehe waliwahi kuuana kwa mikuki enzi za mababu, na amani ilipokuja ikawaachia ruhusa hiyo ya ajabu: Mhehe amwambie Mngoni lolote, na Mngoni vivyo hivyo, na anayekasirika ndiye mjinga. Semina gani ingeshinda hiyo?

Basi Ndengo ikajengwa na kiti hicho ndani yake. Bodi ilikivumilia, haikukipenda. Uwashaji ulikuwa umeahirishwa mara mbili kwa sababu ya mtani. Mara moja alikuwa sahihi, mara ya pili alikuwa amekosea. Mara ya pili Mkurugenzi Rweyongeza alisema mbele ya watu wote kwamba siku ikiahirishwa tena, viti vya watu vitatolewa na chumba ataachiwa Msimamizi peke yake. Hakuwa mtu wa vitisho vya bure.

*

Gaudensia aliwaza juu ya hilo huku akitazama namba. Zote zilikuwa nzuri. Zilikuwa zimekuwa nzuri kwa majuma kadhaa, na kwa majuma hayohayo, sasa aligundua, hakuwa amerudi nyumbani hata siku moja akiwa amekasirishwa na Longino.

Tangu lini? Akarudi nyuma kwa mawazo, na hakwenda mbali. Tangu posa.

Binti yake Imelda alikuwa amechumbiwa na Festo, kijana wa Kikoti. Siku ya posa Longino alikuja kwake na suti ya kijivu, akaketi ukingoni mwa kochi, magoti pamoja, akala kipande kimoja cha kuku na kusema ameshiba. Gaudensia alifurahi. Alimwona mstaarabu. Wala haikumjia akilini kwamba mkwe na mtani hawakai katika mwili mmoja, kwamba mkwe huinamisha macho na mtani huyakodoa, na kwamba alikuwa amemfunga ulimi mtu pekee aliyemweka pale kwa ajili ya ulimi wake.

Akaamua kumjaribu.

"Nabadilisha amri," alisema kwa sauti kavu. "Hatupandi hatua kwa hatua. Tutoke ishirini, turuke moja kwa moja hadi sitini."

Sigfrida aligeuka mzimamzima kitini. Hata mwanafunzi wa mwaka wa kwanza alijua huo ni wazimu. Longino wa zamani angeruka kutoka kwenye kiti, angeuliza kama pombe ya komoni imeanza kunywewa alfajiri. Longino wa leo alitazama viatu vyake.

"Kama wewe umeona inafaa, mama," alisema.

Gaudensia aliugeukia ukuta wa namba.

"Amri imefutwa," alisema upesi. "Sigfrida, tubaki ishirini. Usipande, usishuke."

"Kuna hitilafu?" aliuliza Sigfrida.

"Sijui. Na ndiyo shida yenyewe, dada yangu. Sijui."

Uwanjani, lizombe ilikatika katikati ya mdundo.

*

Mkurugenzi Rweyongeza aliingia bila kubisha hodi. Alikuwa mtu mrefu, msomi, mwenye adabu za kuuma.

"Mama Gama, waziri anauliza kwa nini tumesimama."

"Ukaguzi wote uliofanywa tangu mwezi uliopita haukuwa na mtani, Mkurugenzi. Kiti kilikuwa na mtu, lakini mtani hakuwepo. Siwezi kupandisha kinu juu ya ukaguzi huo."

"Umeona kosa gani?"

"Sijaona kosa."

"Kipimo gani kimepita mpaka?"

"Hakuna."

Rweyongeza alivuta pumzi ndefu. "Yaani umesimamisha taifa zima kwa sababu mzee huyu amekuwa na heshima kwako." Hakupaza sauti, na ndiyo maana maneno yake yaliuma. "Nisikilize. Mimi sikudharau. Lakini umejithibitishia mwenyewe nililosema miaka yote. Watu wana ndoa, wana haya, wana shukrani. Msimamizi hana mkwe. Tukisimama leo, kesho asubuhi nitakuja na mafundi waving'oe viti hivi, na utanisamehe."

Alichosema kilikuwa na mantiki, na Gaudensia alilijua hilo. Angeweza kusema "pandisha" na kinu kikapanda. Pengine hakuna ambacho kingetokea. Angetoka pale shujaa, kiti chake kingebaki, harusi ingefuata. Na kila Mngoni na Mhehe ambaye angekalia kiti hicho baada yake angejua kwamba siku ya siku, kilikuwa pambo tu. Hilo lilimchoma kuliko kung'olewa viti.

"Kesho ni yako, Mkurugenzi," alisema. "Leo niachie."

Akavua miwani, akaifuta, akaivaa. Kisha akageukia kiti chekundu.

"Longino Kikoti!"

"Naam, mama."

"Mama ni mke wako aliyeko pale uwanjani, na namsikitikia. Nakusalimu Kihehe: kamwene, wewe mla mbwa!"

Kikoti aliinua kichwa kama aliyemwagiwa maji. Vipaza sauti vilibeba maneno yale hadi kwa waziri.

"Nasema hivi," aliendelea Gaudensia, na sasa alikuwa anapiga kelele. "Tangu wewe uje na kisuti chako kwangu, mbwa wangu hawalali. Wanakujua! Siku ile ulisema umeshiba kuku. Mhehe ashibe kuku? Ulikuwa unamtolea macho mbwa wangu Simba pale mlangoni! Mnajisifu ninyi ni watu wa vita. Watu wa vita gani mnaofunga mdomo kwa mama mkwe?"

Kisha kutoka nje, kupitia kuta nene za zege, ukaja mlio ambao Sigfrida alidhani ni mvua. Watu walikuwa wanacheka. Nusu ya uwanja ilikuwa Wangoni, na Wahehe walikuja kwa mabasi kutoka Iringa nzima kumwona mtu wao; waligongana mabega, wakashikana mbavu, huku maofisa wa itifaki wakitafuta wa kuwaeleza kinachochekesha. Inasemekana mama Festo alicheka mpaka kilemba kikaanguka.

Kitu kilikuwa kinapanda usoni mwa Kikoti, kitu ambacho Gaudensia alikuwa amekikosa bila kujua.

"Wewe!" alisema Kikoti, akasimama juu ya jukwaa la kiti. "Wewe mtoto wa watu waliopotea njia! Mababu zenu walitoka Afrika Kusini wakitafuta malisho, wakatembea mpaka viatu vikaisha, wakafika hapa wakasema hapahapa ndipo tulipokuwa tunakuja! Mngoni hajawahi kukiri amepotea! Na leo umepotea tena, mbele ya waziri, na bado unasimama kama mwenye ramani!"

"Nimepotelea wapi, basi? Nionyeshe!"

"Kwenye kizibo!"

Neno lilimtoka kabla hajaliandaa. Alipoendelea hakuwa anatania tena.

"Kizibo cha chini ya kinu, Gaudensia. Siku ya posa nilikuwa zamu ya mchana, kabla hatujaja kwako. Jua lilikuwa linachoma mabati, feni inaongeza mwendo, inapunguza, na joto la kizibo ni namba ileile tangu asubuhi. Haipepesi jicho. Nilitaka kukuuliza kwa nini. Lakini ukaguzi ule ulikuwa umeusaini wewe mwenyewe, na wazee walikuwa wananingoja garini. Nikasema nitauliza kesho." Akajifuta uso kwa kiganja. "Kesho yake nilikuwa mkwe."

*

Kinu cha Ndengo hakikuwa na fimbo za urani kama vinu vya zamani. Urani yake iliyeyushwa ndani ya chumvi, na chumvi hiyo ilizunguka ikiwa majimaji ya moto mweupe, ikitoa joto la kuchemshia maji yawe mvuke wa kuzungushia mashine za umeme. Chini ya sufuria kuu palikuwa na tundu, na tundu limezibwa na kipande cha chumvi hiyohiyo kilichogandishwa na upepo wa feni. Janga likitokea, umeme ukikatika, feni inasimama, kizibo kinayeyuka, na majimaji yote yanaporomoka kwenye matangi ya chini, ambako moto wa urani hauwezi kuendelea. Hakuna anayehitaji kubonyeza chochote. Kinu kinajilaza chenyewe.

Lakini kizibo kikipozwa kupita kiasi kinanenepa. Kikinenepa, hakiyeyuki kwa wakati. Kinu kinabaki macho siku ambayo kinapaswa kulala.

Gaudensia hakuhitaji kuelezwa. "Sigfrida, simamisha feni ya kizibo. Kwa kuhesabu hadi sitini, kisha uirudishe. Msimamizi, soma joto."

"Digrii mia nne na kumi," alisema Msimamizi. Feni ilikuwa imesimama. "Mia nne na kumi. Mia nne na kumi."

Sasa hata Rweyongeza alikuwa amesogea mbele ya ukuta. Chungu ukikipunguzia upepo lazima kipate joto. Hiki hakikupata.

"Msimamizi," Gaudensia aliuliza polepole, "namba hii umeipima, au umeikadiria?"

"Nimeikadiria. Vipimajoto viwili vya kizibo vimekufa. Kanuni inaniruhusu kukadiria."

"Mbona hukusema?"

"Sikuulizwa."

Kikoti alimtazama Mkurugenzi kwa upole kabisa. "Hana mkwe, ni kweli, bwana mkubwa. Na hana mtani vilevile. Amebuni namba, na humu ndani hakuna aliyethubutu kumcheka."

Rweyongeza alivua koti lake, akalitundika kwenye kiti kisicho na mtu, akaketi. "Endeleeni," alisema. "Mimi nitamwambia waziri angoje."

Kulikuwa na kipimajoto cha tatu, cha akiba, ambacho waya wake ulipita njia nyingine na kuunganishwa kwa mkono. Sigfrida alikiunganisha mwenyewe. Ukutani namba ikaruka, ikashuka, ikatulia mahali pabaya. Kizibo kilikuwa kimenenepa karibu mara mbili, maana feni ilikuwa ikipuliza kwa kufuata namba ya kubuni. Wakapunguza upepo, wakangoja kikakonda hadi kipimo chake, na Kikoti akiuliza kila hatua, kwa sauti, bila huruma: umejuaje, nani kaona, na kama huyu wa tatu naye ni mwongo kama wewe je? Gaudensia alijibu yote. Mengine aliyajibu akiwa amekunja ngumi, na alikuwa na furaha iliyomjaa mpaka kooni.

"Sasa kimekaa sawa," alisema hatimaye.

"Nani kasema?" aliuliza Kikoti. "Kizibo kilichotudanganya mwezi mzima, leo tukiamini kwa sababu kimeoga?"

Gaudensia alimtazama. Alijua anachodai. Njia ya kukithibitisha ilikuwa moja tu.

"Sigfrida," alisema, "zima feni. Tukilaze kinu."

"Mbele ya wageni?"

"Mbele ya wageni. Vipaza sauti viache wazi."

Feni ilizimwa. Pale uwanjani watu walielezwa kwamba wanachosubiri ni kinu kufa, na wakanyamaza, hata watoto. Chumbani, namba ya kizibo ilipanda, ya kweli safari hii, ikipepesuka kama namba hai. Kisha chini ya miguu yao sakafu ilinguruma. Chumvi yote iliteremka kwa pamoja ndani ya matangi, moto wa urani ukafifia ukakoma, ukuta mzima ukabadilika rangi, na kinu kikalala chali, salama, bila mkono wa mtu kukigusa.

Gaudensia aligundua kuwa analia. Hakujificha. Kuwasha kinu hata jirani mwenye pesa anaweza. Kumbe alichokuwa akikitafuta miaka yote ni hiki: kujua kwa hakika kwamba kitazimika.

*

Alasiri, chumvi ikiwa imerudishwa juu na pampu, walianza upya. Ishirini. Thelathini. Hamsini. Kila hatua ilitukanwa ipasavyo. Kwenye sabini Kikoti alisema hata saa mbovu ya Mngoni husema kweli mara mbili kwa siku, akataka aonyeshwe mtiririko wa pampu ya pili, akaonyeshwa. Kwenye tisini aliishiwa mate, Rweyongeza akampa maji kwa mkono wake.

"Nguvu asilimia mia moja," alisema Msimamizi. Kisha akaongeza, kama walivyomfundisha mchana ule: "Namba hii nimeipima."

Simu ya gridi ililia. Sigfrida aliiweka kwenye kipaza sauti, na sauti za vituo vya mbali zikaingia moja baada ya nyingine, zikipokezana na vigelegele vya uwanjani. Mbinga imepokea. Songea imepokea. Njombe imepokea. Halafu sauti ya mwanamke, yenye lafudhi ambayo Kikoti angeitambua hata usingizini: "Iringa tumepokea. Jamani, Iringa tumepokea!"

Kikoti alishuka kutoka kwenye kiti chekundu. Alikuja taratibu mpaka mbele ya Gaudensia, akavua kofia. Wote wawili walijua dhihaka hii ni ya mwisho, na alikuwa ameitunza.

"Gaudensia Gama," alisema. "Enzi zile mababu zako walikuja kwetu gizani na mikuki, wakaondoka na ng'ombe. Tukasema basi, yameisha. Kumbe hamkusahau. Leo mmetuletea taa, ili muwaone vizuri ng'ombe waliobaki!"

Gaudensia alicheka mpaka akashika meza. Alicheka machozi yakimtiririka chini ya miwani, Sigfrida akicheka, uwanja mzima ukinguruma, na Mkurugenzi Rweyongeza, Mhaya mzima asiye na hisa katika ugomvi huo, akijipigapiga paja.

Kikoti alingoja mpaka kicheko kikapoa. Alifungua beji yake ya mtani kifuani, akaiweka juu ya kiti chekundu. Kisha akaunganisha viganja, akainamisha macho.

"Hongera sana, mama mkwe," alisema.

"Ahsante, baba," alijibu Gaudensia, naye akatazama chini, kama inavyostahili, huku mbavu zingali zinamuuma. Alikitazama kile kiti kitupu, akajua kwamba atamkosa mtu huyu kila asubuhi, ingawa atakuwa anakula naye sikukuu zote za maisha yake. Akageukia simu.

"Iringa, bado mpo?"

"Tupo, mama!"

"Nitafutieni mhandisi mwingine wa Kihehe kabla ya zamu ya kesho. Mwenye ulimi mchafu kuliko huyu." Akafikiri kidogo. "Na asiwe na mtoto wa kuoa."